Jengo Moja, Majina Matatu

Katika wadi yetu ya Pwani ya Kenya, palikuwa na zahanati ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa kuta tupu. Mawe yalikuwa yamefika kwenye linta, nondo zimechomoza juu zikishika kutu, na ndani mmeota mibarika iliyompita mtu kwa urefu. Mbuzi walijipumzisha humo jua la adhuhuri. Akina mama waliobeba watoto wenye homa walilipita jengo hilo, wakaendelea kwa miguu hadi kwenye lami kutafuta bodaboda ya kuwapeleka hospitali.

Siku moja nilivipata vitabu vya bajeti ya kaunti yetu vya miaka mitatu mfululizo, nikavilaza mezani na kuvifungua kwenye kurasa za idara ya afya. Mwaka wa kwanza kulikuwa na mstari ulioandikwa "ujenzi" wa zahanati ile. Mwaka wa pili, "ukamilishaji". Mwaka wa tatu, "ukarabati". Jengo ambalo halijawahi kuezekwa lilikuwa limetengewa fedha za kukarabatiwa. Kila mstari ukiusoma peke yake huoni neno. Ni mpaka uisome mitatu kwa pamoja ndipo unapoliona jengo moja likitembea kwa majina matatu.

Nimehudhuria mikutano ya bajeti kwa miaka mingi, na naandika haya kwa ajili ya msomaji aliyechoka kusikia kwamba pesa za kaunti zinaliwa lakini hajui aanzie wapi. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usijaribu kuichunga serikali nzima. Huiwezi, na hata wanaolipwa kwa kazi hiyo inawalemea. Chagua mradi mmoja unaoweza kuufikia kwa miguu, uufuate kwenye karatasi tangu ulipopendekezwa hadi fundi wa mwisho alipolipwa. Kelele za "wezi hawa" afisa amezizoea, zinapita sikio hili na kutokea lile. Swali lenye nambari ya ukurasa, kiasi cha fedha na jina la mradi halimpi pa kupitia.

Kwanza tukubaliane pesa hizi ni za nani. Kaunti zetu 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, mgao wao wa kwanza wa mwaka mzima kutoka serikali ya kitaifa ulikuwa shilingi bilioni 190. Mwaka wa fedha wa 2025/26 mgao ulifika bilioni 415. Katiba haikuuacha mgao huu uwe hisani ya Nairobi: kaunti lazima zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Na katika kila lita ya mafuta ya taa, nawe umechangia kodi. Kwa hiyo ukiingia ofisi ya kaunti kuuliza habari za zahanati, hujaenda kuomba. Umekwenda kuulizia mali yako.

Sasa kalenda, kwa maana wengi wetu tunafika shamba likishavunwa. Mkutano wa bajeti unaotangazwa Aprili au Mei, ule wa mahema na viti vya plastiki, huja mwishoni mwa safari. Safari yenyewe inaanza Septemba. Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti inapaswa kuwasilisha bungeni kwake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao ndio unaotaja miradi ya mwaka wa fedha unaofuata. Ifikapo tarehe 28 Februari hutoka Taarifa ya Sera ya Fedha, inayoamua kila idara itapata kiasi gani. Makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti si zaidi ya tarehe 30 Aprili, na kufikia tarehe 30 Juni yanapaswa kuwa yamepitishwa, mwaka mpya wa fedha uanze Julai 1. Mradi wako usipokuwemo kwenye mpango wa Septemba, Aprili utaambiwa kwa upole kwamba umechelewa, na anayekuambia hivyo atakuwa na haki. Andika tarehe hizi nne ukutani, karibu na kalenda ya msikiti au ya kanisa.

Tarehe ya tano haipo kwenye kalenda, nayo ndiyo ya kuogopa: bajeti ya nyongeza. Katikati ya mwaka wa fedha kaunti huruhusiwa kurudi bungeni kupangua ilichopanga. Wakati mwingine sababu ni ya haki. Mafuriko yamekuja, au fedha za taifa zimechelewa. Lakini huko ndiko mradi uliopigiwa makofi Aprili unakofutwa Februari bila mtu wa kijijini kujua. Kwa hiyo usiridhike na kuuona mradi wako kwenye bajeti ya Juni. Kila baada ya miezi mitatu muulize karani wa bunge la kaunti, au mwakilishi wadi wako, kama bajeti ya nyongeza imeletwa, na kama imeletwa, ule mstari wako uko wapi.

Kuhusu mikutano yenyewe, nieleze mmoja nilioushuhudia. Rasimu ya bajeti ilikuwa nakala moja tu, nene kama msahafu, imewekwa kwenye meza ya mbele. Afisa alisoma vichwa vya idara kwa karibu saa nzima. Watu walianza kuangalia saa, na kijana mmoja alikuwa ameshaamka kusaka chai. Ndipo akasimama bibi mmoja, leso kichwani, akasema: "Mwanangu, mimi sikusoma, lakini nataka kujua zahanati yetu iko ukurasa wa ngapi." Maafisa wakapekua. Dakika tano, sita, mkutano mzima umenyamaza ukiwatazama. Ulipopatikana, bibi akamwita mjukuu wake wa kidato cha pili, akausoma mstari ule kwa sauti, tarakimu zote. Tangu siku hiyo watu wa pale hawatoi maoni kabla ya kuuliza ukurasa.

Fanya kama bibi huyo, ila uanze mapema zaidi. Siku chache kabla ya mkutano nenda ofisi ya msimamizi wa wadi uombe kurasa za idara inayokuhusu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema wananchi wapewe taarifa kwa wakati, na mkutano ambao watu hawajaona karatasi ni vigumu kuuita wa maoni. Halafu uliza jambo jingine ambalo wachache wanalijua: nani anakuwakilisha kwenye Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inaitaka kila kaunti iwe na jukwaa hilo. Mwenyekiti ni gavana, wamo mawaziri wake, na idadi sawa na ya mawaziri lazima wawe watu wasio watumishi wa serikali, kutoka kwa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Mahali pengine majina hayo yanajulikana na gavana peke yake. Yaulizeni mkutanoni, yatajwe mbele ya watu, kisha mwende mkawaone wanaoitwa wawakilishi wenu.

Turudi kwenye zahanati. Barua yangu ya kwanza kuihusu ilikuwa kurasa tatu za hasira. Nililaumu, nikatuhumu, nikataja njaa ya viongozi na laana ya Mungu. Haikujibiwa, na leo najua kwa nini: hamkuwa na swali hata moja ndani yake. Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ukurasa, na nitaieleza kwa kina kwa sababu ndiyo kiini cha ushauri huu.

Niliiandika kwa Kiswahili. Wapo wanaodhani barua ya ofisini bila Kiingereza hutupwa kapuni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema waziwazi kwamba ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, anayo haki ya kusaidiwa na afisa mwenyewe, maneno yake yaandikwe. Barua ilielekezwa kwa afisa wa habari wa idara. Ukiambiwa afisa huyo hajateuliwa, jibu ni kwamba sheria imemfanya mkuu wa utendaji wa kila taasisi ya umma kuwa afisa wa habari, kwa hiyo daima yupo mtu wa kujibu. Hulazimiki kueleza unataka habari ya nini. Kuwasilisha ombi ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala.

Baada ya anwani na salamu, maneno yalikuwa haya:

"Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu zahanati iliyotajwa hapo juu, kwa kila mmoja wa miaka mitatu ya fedha: mkataba na jina la mwanakandarasi, BQ iliyoambatishwa na mkataba, vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa, na ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi. Kama fedha za mwaka wowote zilihamishwa, naomba hati iliyoidhinisha uhamisho huo."

Basi, na jina, simu na sahihi. BQ, kwa asiyewahi kuiona, ni ile orodha ya kila kitu ambacho jengo linahitaji na bei yake: mifuko mingapi ya saruji, nondo za unene gani, madirisha mangapi, mita ngapi za plasta. Ripoti ya kamati ya ukaguzi ni muhimu vilevile, kwani sheria ya ununuzi wa umma inataka kazi au bidhaa ikaguliwe na kukubaliwa kabla ya kulipiwa. Kuna maafisa wenye majina waliotia sahihi kwamba wameiona kazi hiyo kwa macho yao. Watu wengi wakikasirika humkimbilia gavana. Mimi nakwambia kabla hujafika kwa gavana, tafuta sahihi hizo.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo hukupeleka barua. Kuanzia tarehe ile, ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kuongeza mara moja tu, zisizozidi siku 14, kwa kukupa sababu. Ikinyamaza, sheria inauchukulia ukimya huo kuwa ni kukataa, nawe una siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe na Tume ya Haki katika Utawala, ile ambayo watu huijua zaidi kwa jina la Ombudsman. Tume hiyo ina uwezo wa kuagiza habari itolewe. Nimeona barua iliyolala miezi ikijibiwa wiki moja baada ya ofisi kugundua kwamba mwandishi wake anajua njia ya kwenda kwa Ombudsman.

Yetu ilijibiwa siku ya kumi na tisa. Bahasha haikuwa na kila kitu, lakini kilichokuwemo kilinishika nikasoma mpaka usiku.

Mwaka wa kwanza ulikuwa safi. Mwanakandarasi alipewa kazi ya msingi na kuta hadi linta, akaifanya, na tulipomtafuta ikajulikana kwamba sehemu ya pesa zake alikuwa bado hajalipwa hata siku ile. Sisi kijijini tulikuwa tukimwita mwizi kila tulipopita pale. Fedha za mwaka wa tatu, zile za "ukarabati", hazikutumika kabisa. Zilihamishwa kwenye bajeti ya nyongeza kwenda kwingine, na bunge la kaunti likapitisha. Jeraha lilikuwa mwaka wa pili. Cheti cha malipo kilisema mbao za paa na mabati yamefika na kazi ya kuezeka imeanza, na kamati ya ukaguzi ilikuwa imetia sahihi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu linanitesa. Mistari mitatu, majibu matatu tofauti: mtu aliyedhulumiwa, uamuzi wa kisiasa uliofanywa kimya, na malipo ya kazi isiyofanyika. Tungeendelea kupiga kelele ya jumla, tungemwumiza fundi aliyekuwa akidai haki yake, na waliotia sahihi mwaka wa pili wangejificha nyuma ya vumbi letu. Kabla hujamshika mwanakandarasi shati, uliza kama amelipwa. Kufikia mwisho wa Juni 2024, kaunti kwa pamoja zilikuwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 180 ambayo hayajalipwa. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna wafanyabiashara wadogo walioleta dawa, chakula cha hospitali na mchanga, nyumba zao zikapigwa mnada na benki wakisubiri hundi.

Hati zikishapatikana, nenda nazo mradini, lakini usiende bila fundi. Tafuta mwashi mzee wa kijiji, mtu asiye na zabuni ya kaunti, mpe BQ aisome. Atakuonyesha mambo ambayo wewe na mimi hatuyaoni. Kama BQ inasema bati la geji 28 na lililopigiliwa ni geji 30, hilo ni bati jembamba zaidi, na mara nyingi geji imepigwa chapa kwenye bati lenyewe. Kama nondo iliyolipiwa ni ya milimita 12 na inayochungulia kwenye nguzo ni ya 10, utepe wa kupimia utasema. Hesabuni madirisha, pimeni plasta, pigeni picha na mwandike tarehe. Kisha linganisheni bei. Mwaka 2015 nchi nzima ilishtuka iliposikika kwamba Kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro 10 kwa zaidi ya shilingi 109,000 kila moja. Hakuhitajika mhasibu kujua kuna tatizo. Aliyewahi kuingia duka la vifaa vya ujenzi alijua. Ujuzi huo wa bei za dukani uko kwa kila mwananchi, na ni silaha ambayo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliyeko Nairobi hana kwa wingi kama uliyo nayo wewe sokoni kwako.

Na fanyeni haraka. Katika mikataba ya ujenzi kwa kawaida sehemu ya malipo huzuiliwa kwa muda baada ya kazi kukamilika, ili kasoro zikijitokeza mwanakandarasi arudi kuzirekebisha. Ukiripoti ufa kabla pesa hizo hazijaachiliwa, kaunti ina kitu mkononi cha kumlazimisha arudi. Ukiripoti baadaye, utajengewa kwa bajeti nyingine.

Watu huniuliza: si kuna Msimamizi wa Bajeti? Si kuna Mkaguzi Mkuu? Wapo, na nawaheshimu. Kaunti haitoi shilingi kutoka hazina yake bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na ripoti za Msimamizi huyo, Margaret Nyakang'o, kuhusu jinsi kila kaunti ilivyotumia fedha zinatolewa mara kwa mara na kila mtu anaweza kuzisoma. Tafuta humo kaunti yako, uangalie fedha za maendeleo zilitumika kiasi gani ukilinganisha na safari na posho. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo kwa muda wa kati. Lakini idhini ile hutolewa kwa karatasi iliyoletwa mezani, na karatasi ya zahanati yetu ilikuwa na sahihi zote. Aliyejua kwamba ndani mna mibarika ni mchungaji wa mbuzi.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, anapaswa kutoa ripoti ya kila kaunti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba. Ukiipata, usikimbilie kuuliza kama kaunti imepata hati safi. Hati safi inahusu vitabu: hesabu zilizoandikwa zimekaa sawa. Darasa linaweza kuvuja na vitabu vikawa safi. Ripoti ina sehemu inayozungumzia kama fedha zilitumika kwa kufuata sheria na kwa manufaa, na humo ndimo miradi inapotajwa kwa majina: iliyokwama, iliyolipiwa zaidi, isiyotumika ingawa imekamilika. Anzia hapo. Pia soma mambo ya miaka iliyotangulia ambayo hayajatatuliwa. Yakijirudia mwaka baada ya mwaka, ujue bunge la kaunti halikufanya kazi yake. Katiba inalipatia bunge hilo miezi 3 tangu lipokee ripoti liijadili na kuchukua hatua. Ingia na ripoti mkononi, umwulize mwakilishi wako ilijadiliwa lini na nini kiliamuliwa. Bunge la kaunti linaketi hadharani kwa mujibu wa Kifungu cha 196 cha Katiba, na mlango wa jukwaa la wageni hauhitaji mwaliko.

Mahakama nayo ipo, ila huja saruji ikishakauka. Aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, aliondolewa na Seneti Januari 2020, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani kwa kesi ya zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588, akakata rufaa. Miaka ilipita katikati. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza kesi kama hiyo ikianza huweza kumaliza shule ya msingi kabla ya hukumu. Adhabu ni ya lazima, na Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema afisa aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo hata akiwa ameshaondoka ofisini. Lakini ukitaka paa liezekwe mwaka huu, huwezi kungoja hakimu.

Nifike kwa mwakilishi wadi, na hapa nitasema jambo litakalowauma baadhi yetu. Kazi yake kikatiba ni kutunga sheria, kupitisha mipango na bajeti, na kumchunga gavana na mawaziri wake. Sisi tumempa kazi nyingine. Alfajiri kwake kuna foleni ya watu: huyu ana matanga, yule karo, yule gari la mgonjwa, wa nne harambee ya kwaya. Akitoa tunasema ni mtu wa watu. Akisema hana, tunamngoja debeni. Sasa jiulize anazipata wapi. Mshahara wake hautoshi mazishi ya wadi nzima, kwa hiyo atazitafuta kwa yule ambaye anapaswa kumkagua. Na siku ya kumwuliza waziri wa afya kwa nini zahanati haina paa, atainamisha kichwa, kwa sababu wiki iliyopita waziri huyo ndiye aliyempa bahasha ya kuleta kwenye matanga yako. Mchango ule ulioupokea umegharimu paa.

Najua ugumu wa kuyakataa haya ukiwa na maiti chumba cha kuhifadhia. Sisemi tuwe na mioyo ya mawe. Nasema vikundi vyetu, vyama vya mazishi, misikiti na makanisa, vina nguvu ya kuzikana bila kumtegemea mwanasiasa, na tulikuwa tukizikana hivyo kabla ya kaunti kuwepo. Mkutano wenu ujao na mwakilishi wadi, mwiteni bila kumwomba chochote. Mpeni orodha ya miradi ya wadi yenye kurasa na kiasi, mkamwulize kila mmoja umefika wapi. Mara ya kwanza atashangaa. Wengine, nimeona kwa macho yangu, hufurahi: hatimaye ana watu nyuma yake anapokwenda kubishana na idara.

Usiende peke yako popote katika safari hii. Hili nalisisitiza, kwa maana wapo waliotishwa. Barua isainiwe na watu watano au kumi, awemo mzee wa mtaa, mwalimu mstaafu, kiongozi wa akina mama. Nakala zihifadhiwe nyumba mbili tofauti. Na kwenye makundi ya WhatsApp, usimwite mtu mwizi kwa jina lake. Sema karatasi inasema hivi, jengo liko hivi, na weka picha. Neno "mwizi" linaweza kukupeleka kortini wewe badala yake. Picha ya cheti cha malipo kando ya kuta zisizo na paa haihitaji maelezo.

Zahanati yetu tuliipeleka bunge la kaunti kwa maombi rasmi. Kila mtu ana haki hiyo chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti, na barua yetu ilikuwa na viambatisho vinne: kurasa za bajeti, cheti cha malipo cha mwaka wa pili, ripoti ya ukaguzi yenye sahihi, na picha sita zilizopigwa na fundi wetu. Kamati ya afya ikaja. Wajumbe walisimama kati ya mibarika, mmoja akashika cheti mkononi huku akitazama mbingu pale palipostahili kuwa na paa. Hakusema kitu kwa muda. Mwanakandarasi wa mwaka wa pili aliitwa, na miezi michache baadaye mbao zikaja. Bati ni geji 28. Fundi alipanda ngazi kulisoma kabla halijapigiliwa.

Leo jengo lina paa, milango na rangi ya kijani hadi kimo cha kiuno. Halina muuguzi. Halina umeme wala friji ya chanjo. Mradi wa ujenzi umefungwa kwenye vitabu kuwa umekamilika, na mishahara ya wauguzi iko fungu jingine kabisa, la matumizi ya kawaida, ambalo sikuwahi kulifungua nilipokuwa nikifukuzia mabati. Kwa hiyo bibi wa ukurasa na mjukuu wake, ambaye sasa yuko kidato cha nne, wameshaandika barua nyingine. Wanauliza ni wauguzi wangapi walioombwa kwa wadi yetu kwenye Mpango wa Maendeleo wa mwaka ujao, na ukurasa wa ngapi. Ina muhuri wa kupokelewa. Leo ni siku ya kumi na mbili.